Chupa Tupu za Mzee Hakimuddin

"Kitendawili!" Bi Sihaba alipaza sauti juu ya mgongano wa chupa.

"Tega!" wakaitika wanawake wote walioinamia makarai.

"Naondoka nimeshiba, sina la kusema. Narudi na njaa, habari tele."

Sakina alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, ameshika pindo la gauni lisilowe. Tangu arudi kutoka chuo cha biashara Dar es Salaam hakuwa amekanyaga huku nyuma ya kiwanda, mahali ambapo chupa za soda zilizorudi kutoka madukani huoshwa kabla ya kujazwa upya. Alikuwa na jambo zito kifuani. Lakini kitendawili kikitegwa mbele yako, na wewe umezaliwa Bagamoyo, utapitaje kama hukusikia? Akasema mtungi. Akasema mkoba. Kila alichokitaja kikazomewa.

"Umeshindwa. Nipe mji," alisema Bi Sihaba.

"Haya, nakupa Fukayosi."

"Fukayosi! Nimekwenda Fukayosi, nimekuta harusi mbele harusi nyuma, nimekula pilau mpaka kanga imekataa kufunga, nimerudi salama. Jibu lake ni chupa ya soda!"

Vicheko vikatapakaa uani. Sakina naye alicheka, kisha akauliza, "Kuondoka imeshiba nimeelewa, na kurudi na njaa nimeelewa. Lakini chupa tupu ina habari gani, Bi Sihaba?"

"Njoo uoshe, mwanangu, utaambiwa."

Sakina hakuja kuosha. Alikuja kujificha alie kidogo, maana baba yake alikuwa ametoka kumpa habari mbaya.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, sukari imeadimika kama mvua ya kiangazi. Mzee Hakimuddin alizunguka wiki nzima akitafuta sukari ya soda za Idd, akarudi na kidogo, ya kutosha aina moja tu. Kiwanda chake kilitengeneza soda tatu: ya machungwa, ya waridi iliyo nyekundu kama shavu la bibi harusi, na ya tangawizi, ambayo ilikuwa kipenzi chake kwa sababu alifundishwa kuitengeneza na marehemu baba yake. Akaamua sukari yote iingie kwenye tangawizi. Na akamwambia bintiye waziwazi: soda za Idd zisipouzika, Bwana Harish wa Dar es Salaam, rafiki yake wa siku nyingi, atakuja kununua mashine ya kufunga vizibo, nao watahamia Dar kwa ami yake Sakina. Kiwanda basi.

"Baba, umejuaje kuwa watu wanataka tangawizi?" Sakina alimwuliza.

"Nimewauliza! Kila Jumamosi napanda lori na Msabaha, napita mlango kwa mlango. Kila mwenye duka ananiambia soda nzuri."

"Na mbona mambo hayaendi?"

"Chupa, binti yangu. Kreti zinatoka zimejaa, chupa hazirudi. Watu wa siku hizi wamekuwa wazito wa kurudisha."

Jibu hilo lilimkaa Sakina kama mfupa kooni. Alikipenda kiwanda kile. Alikipenda kinavyonuka shira ikichemka, alivipenda vizibo vinavyobofywa taa-taa-taa, na alikwenda chuoni kwa nia moja tu, arudi akisimamie. Leo kiuzwe kabla hajashika hata ufunguo? Akamwomba baba yake Jumamosi iliyofuata waende wote.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Shaaban. Msabaha, dereva, alikuwa kijana mrefu asiyenyamaza. Njia nzima alisimulia harusi alizopishana nazo mwezi huo, alivyopiga honi, alivyotupiwa maua, alivyopewa pilau kwenye jani la mgomba akala huku ameshika usukani. Mzee Hakimuddin alikuwa amelala kwa adabu, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu imemwangukia puani.

Walipofika Fukayosi walisimama dukani kwa Bwanausi. Bwanausi alitoka mbio kumfungulia mzee mlango wa lori.

"Shikamoo, tajiri!"

"Marahaba, Bwanausi. Habari za hapa?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mama watoto?"

"Yumo ndani, mzima, anakusalimu."

"Na soda?"

"Nzuri, tajiri, nzuri sana. Tunashukuru."

"Tangawizi?"

"Hiyo ndiyo usiseme!"

Mzee akamgeukia bintiye, nyusi juu, kama kumwambia, umesikia? Akaamuru kreti mbili zaidi za tangawizi zishushwe. Bwanausi akazipokea kwa mikono miwili na kucheka cheko pana. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali ya nyuki wake, akampa mzee kama anavyompa kila mara.

Sakina, kwa kuwa ni mwanamke, hakukaa barazani na wanaume. Aliingia uani kumwamkia Bi Mardhiya, mke wa Bwanausi. Waliulizana hali, akapewa kigoda, akapewa maji ya kunywa. Alipoinua kata mdomoni akasikia "kwoo!" ya hasira nyuma yake.

Akageuka. Chini ya paa la ghala zilikuwako kreti za soda zimepangwa mpaka kifuani, na juu ya ile ya juu kabisa, ndani ya majani makavu, kuku mkubwa mwenye madoa alikuwa amejikunja akimtazama kwa jicho moja.

"Usimsogelee, shoga, anaatamia," alisema Bi Mardhiya. "Mkali huyo, hata mimi ananidonoa."

"Anaatamia juu ya nini?"

Bi Mardhiya akashika mdomo. Alikuwa amesahau anazungumza na binti wa nani. Sakina alisogea, kuku akafura, naye akainama kutazama kati ya majani. Chupa zimejaa. Tangawizi. Kreti ya chini yake, tangawizi. Na ya chini yake, tangawizi, imeota utando wa buibui.

"Bi Mardhiya! Mbona mumeo amesema nzuri sana?"

"Ee, mwenzangu, na wewe! Mzee wa watu ametoka na jua Bagamoyo, amefika mlangoni kwetu, amekuuliza watoto, amekuuliza mkeo. Umwambie soda yake haitoki? Tutakuwa watu gani?"

"Na inayotoka ni ipi?"

"Waridi! Ile ikifika asubuhi, jioni huioni. Tena tunaigombania."

Sakina alianza kucheka. Alicheka mpaka maji ya kata yakammwagikia kifuani, Bi Mardhiya naye akaambukizwa, na kuku akapiga kelele nyumba nzima ikasikia. Kumbe! Chupa hazikuwa zimechelewa kurudi. Zilikuwa zimekaliwa.

Siku ile alirudi katikati ya baba yake na Msabaha, mikono ikimwasha kwa habari aliyonayo. Amwambieje mzee kuwa watu wote wa njia yake wamekuwa wakimstahi? Akarudia kichwani maneno ya Bi Sihaba. Naondoka nimeshiba, sina la kusema. Narudi na njaa, habari tele. Watu wana haya. Watu wana adabu. Chupa tupu haina haya na mtu.

Lori lilipoingia kiwandani hakusubiri mlango ufunguliwe vizuri. Aliruka.

"Bi Sihaba! Msioshe! Chupa zote zilizorudi, msioshe hata moja!"

"Kuna nini, mwanangu, kumeingia sumu?"

"Kumeingia habari!"

Siku ya pili ya Ramadhani uani hapakuwa na karai hata moja lenye maji. Sakina aliwaomba wanawake wampangie chupa chafu kwa mahali zilikotoka.

"Mtazitambua?" aliuliza.

"Ah, hilo nalo la kuuliza?" Bi Sihaba akanyanyua moja. "Vumbi hili jekundu, Fukayosi. Hii ina mchanga na magamba ya samaki, ni ya hapa sokoni kwetu. Na hii yenye masizi na grisi imetoka Ubena, kule malori yanakosimama barabarani."

"Na ilikuwa na soda gani?"

"Hapo umwite Tatu. Pua ile ya Tatu si pua, ni balaa."

Tatu, binti mwembamba aliyekuwa akiosha chupa pembeni mwa Bi Sihaba, alijifuta mikono, kisha akasita. "Jamani, kunusa hakufunguzi saumu?"

"Nusa, usilambe!" wakamjibu wote kwa pamoja.

Tatu akanusa. Waridi. Waridi. Machungwa. Waridi. Kila akisema, mwenzake anaipeleka chupa kwenye safu yake. Za Fukayosi walizipanga karibu na kisima, za Ubena ukutani kule mwisho, za mjini mlangoni. Ua ulijaa. Wanawake walianza taratibu, baadaye wakawa wanakimbia, wanashindana, wanaitana, "Ubena hiyo, Ubena, unaipeleka wapi?" Ungedhani wanapamba ukumbi.

Msabaha aliingia kutafuta kamba ya lori, akasimama mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Ala! Hii si njia yangu hii? Pale mlangoni ndipo mjini, kisimani Fukayosi, halafu Ubena." Akatembea kati ya safu kama anaendesha, akikata kona kwa mdomo. "Lakini dada Sakina, Fukayosi mbona nyekundu tupu?"

Ni kweli. Mabaki ya waridi yalikuwa yamekauka chini ya kila chupa, na upande wa kisima ulikuwa umeiva kama shamba la pilipili. Ubena palikuwa machungwa, soda ya wasafiri. Na tangawizi? Iko pale mlangoni, kijisafu kifupi cha wazee wa mjini wanaotuliza kikohozi. Kwingine kote haikuonekana.

Sakina alipanda juu ya kreti, si kwa kuhutubia, bali aone vizuri. Sauti ikamtoka tu.

"Mnaona? Chuoni mwalimu wetu alikuwa akisema, katika kampuni kila mtu ana kipande chake cha habari. Dereva anacho, mwosha chupa anacho, mwenye duka anacho, tajiri anacho. Vikikaa mbalimbali, kampuni ni kama kipofu mwenye mali. Vikikusanywa mahali pamoja, vikapangwa vikaonekana, ndipo kampuni inajua ilikotoka na inakokwenda. Nilijibu mtihani wa jambo hili nikafaulu, wallahi, na sikulielewa mpaka leo!"

"Mimi nilijua za karai langu tu," alisema Bi Sihaba polepole. "Nilijua vumbi jekundu linakuja na waridi. Kwa nini, sikuuliza."

"Kwa nini?" Msabaha alicheka. "Si harusi! Shaaban yote nilikuwa napishana nazo. Bibi harusi gani atatolewa bila sinia la soda ya waridi?"

Furaha ikapanda, kisha Sakina mwenyewe akaikata. Alishuka kwenye kreti, uso umemshuka pia.

"Basi tumepotea. Harusi zimekwisha. Ramadhani hakuozwi mtu. Idd tutamwuzia nani waridi?"

Hata Msabaha alinyamaza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Machoni mwa Sakina mashine ilikuwa tayari imefungwa kamba juu ya gari la Bwana Harish.

Ndipo Bi Sihaba alipopiga makofi.

"Mwanangu! Nyinyi wasomi mnajua kuanza, sisi wenye wajukuu tunajua kumalizia. Bibi harusi wa Shaaban, Idd yake ya kwanza anaipata wapi?"

"Kwa mumewe."

"Na nani wanaokwenda kumtazama?"

"Wote. Mawifi, mashangazi, mama zake wadogo…"

"Mikono mitupu?"

Sakina aliruka akamkumbatia, kofia ya Bi Sihaba ya ukindu ikaangukia kwenye Ubena. Waridi! Waridi ile ile iliyomtoa bibi harusi ndiyo itakayomkuta kwake! Na Msabaha anazijua nyumba zote zilizofanya harusi, moja moja, kwa honi yake mwenyewe! Hapo hapo Msabaha akaanza kuzitaja, na kwa kila nyumba Tatu akaweka kizibo kimoja kando ya kisima, mpaka kisima kikavaa mkufu.

Lakini mwenye sukari alikuwa bado ni Mzee Hakimuddin, na Mzee Hakimuddin hakuwa mtu wa kuambiwa amekosea.

Sakina alingoja futari. Baba yake alifungua kwa tende na maji, akanywa uji, akaegemea mto, uso umetulia. Sakina alisimama, akafungua kabati la chakula. Rafu nzima ilikuwa na chupa za asali.

"Baba, nikupe asali ya Bwanausi ule na mkate?"

"A-a! Acha, acha."

"Kwa nini?"

"Chungu ile. Nyuki wake sijui wanakula mwarobaini. Nilionja siku moja, tumbo likanisokota mpaka alfajiri."

"Na alipokuuliza, ulimwambiaje?"

Mzee akatazama rafu, chupa kwa chupa.

"Nilimwambia nzuri sana," alisema kwa sauti ndogo.

"Na yeye akafanyaje?"

"Kila nikienda ananipa nyingine."

Sakina aliketi, akamimina uji, akangoja. Baba yake alimtazama yeye, akaitazama asali, akamtazama tena, na polepole macho yakamtoka.

"Binti… tangawizi yangu iko wapi?"

"Inaatamiwa, Baba."

"Ina nini?"

Alimsimulia habari ya kuku. Mwanzo mzee alikunja uso, na Sakina akaogopa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua kofia na kujipepea nayo. "Mimi nampa tangawizi, yeye ananipa asali! Wote tunasema nzuri sana! Ya Rabbi, hii biashara au mchezo wa watoto?"

Asubuhi alitembezwa uani. Alitembea kati ya safu, mikono nyuma. Aliokota chupa ya Fukayosi, akainusa. Akaokota ya Ubena, akainusa. Mbele ya kijisafu cha tangawizi alisimama muda mrefu, na wanawake wote wakatazama pembeni, wasimwone alivyolainika.

"Wazee wa mjini wasikose tangawizi yao," alisema mwishowe. "Sufuria moja dogo. Iliyobaki, Sakina, pika waridi." Akageuka, akarudi. "Na Msabaha, zile asali zote zipakie. Mwambie Bwanausi hivi: nakupenda sana, lakini asali yako chungu."

Ramadhani ikawa kazi na kicheko. Shira ilichemka, vizibo vikabofywa taa-taa-taa, na mkesha wa Idd lori liliondoka limeinama kwa uzito, jekundu juu mpaka chini.

Mzee Hakimuddin alikuwa Mbohora, na Mabohora Idd yao huwa inatangulia, kwa hiyo mji ulipokuwa ukisherehekea Idd pili, yeye alikuwa amekwisha maliza sikukuu yake na hana pa kuiweka mikono. Alipiga doria mlangoni mwa kiwanda. Bwana Harish naye alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam na boksi la ladu, vile vitamu vya mviringo vya Kihindi, la kuwapa Idd, na kwa upole wake wote jicho lilikuwa likimponyoka kuelekea kwenye mashine. Sakina alilifuata jicho lile, akahisi kama linamvua kitu mwilini.

Honi ikasikika mbali. Msabaha hakuwa akiipiga, alikuwa ameilalia.

Wanawake walitoka uani wakikimbia na kanga zao za Idd. Lori likasimama na wingu la vumbi jekundu, na kabla halijatulia Sakina alikuwa amekanyaga tairi, amechungulia.

Tupu. Kreti baada ya kreti, chupa tupu, tone jekundu chini ya kila moja.

"Bi Sihaba!" alipiga kelele. "Zimerudi na njaa!"

Kigelegele kilichopigwa pale kilisikika mpaka soko la samaki. Tatu alinusa chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaacha kunusa akaanza kucheza. Msabaha alishuka na kreti moja aliyoishika kwa hadhari, akaiweka miguuni pa Mzee Hakimuddin. Ndani, penye majani makavu, vifaranga sita vilikuwa vinalia piu-piu.

"Salamu kutoka kwa Bwanausi," alisema Msabaha, akakohoa kusafisha koo kama mjumbe wa posa. "Anasema, na mimi nakupenda sana, tajiri, lakini tangawizi yako hawa ndio walioimaliza. Nirudishie kreti, uniletee waridi. Na asali ameahidi kuhamisha mizinga, iko karibu na mwarobaini kweli."

Mzee Hakimuddin alipiga goti mbele ya vifaranga akicheka, akijifuta macho kwa kitambaa. Bwana Harish alingoja kwa adabu mpaka kicheko kilipotulia, akamsogelea rafiki yake.

"Hongera, bhai. Na mashine yetu, habari yake?"

"Nzuri," alisema Mzee Hakimuddin, akiinuka. Alichomoa ufunguo wa kiwanda mfukoni mwa kanzu, akautia mkononi mwa Sakina, akaufumba mkono ule kwa mikono yake miwili. "Nzuri, Harish. Na leo ukitaka kuhakikisha, usiniulize mimi. Kanuse chupa."